Pima Kwanza, Ndipo Ukwangue

Nyumba nyingi zilizojengwa Marekani na Kanada kati ya miaka ya 1950 na katikati ya miaka ya 1980 zina dari ya chembechembe, ile ambayo wenyeji huiita dari ya bisi. Washa tochi usiku, ishike karibu na dari ili mwanga upite kwa ubavu, nawe utaona kila chembe imetupa kivuli chake, na kati ya chembe na chembe kuna utando wa buibui ulioshika vumbi la miaka. Juu ya jiko rangi imegeuka kuwa kama chai ya rangi. Palipowahi kuvuja pana duara la kahawia, na aliyejaribu kulificha kwa rangi mpya ameacha kiraka kinachoonekana kuliko doa lenyewe. Haishangazi kwamba ndugu zetu wengi wanaonunua nyumba yao ya kwanza Minneapolis, Columbus au Houston hutamani kuikwangua dari hiyo hata kabla ya kuhamisha vitanda.

Tamaa hiyo naielewa. Ninachopinga ni mpangilio wa kazi. Watu hununua bapa la kukwangulia, huazima ngazi, huwaita binamu wawili na kupika pilau ya kuwashukuru, halafu habari ya kipimo cha maabara inakumbukwa chumba kikiwa kimeshajaa vumbi. Kipimo kimoja hugharimu makumi ya dola tu. Katika orodha nzima ya gharama ni vigumu kupata kilicho rahisi zaidi, na hakuna kingine kisichokubali kuahirishwa.

Dari hizi zilikuja kwa sababu ya haraka. Baada ya Vita Kuu ya Pili nyumba zilihitajika kwa wingi, na bodi za jipsamu zikachukua nafasi ya lipu iliyopakwa kwa mkono. Kuunganisha bodi mbili mpaka kiungo kisionekane ni ufundi wa subira: unabandika utepe, unapaka, unangoja, unapiga msasa, unarudia. Kupuliza chembechembe kulifuta kazi hiyo yote kwa saa chache, kukaficha viungo vilivyolegea na vichwa vya misumari, na juu ya hapo kukapunguza mwangwi chumbani. Kwa hiyo jua mapema kwamba dari yako ilipulizwa ili ifiche kitu. Tutakutana na kitu hicho baadaye.

Mchanganyiko uliopulizwa ulikuwa na unga mweupe, gundi, maji, na chembe za plastiki nyepesi au za madini ya vermikulaiti. Wengi walitia pia asbesto, yaani nyuzi za mawe zisizoungua, zinazoshika vizuri na zilizokuwa bei poa. Mara nyingi asilimia 1 hadi 10 ya mchanganyiko mzima. Mwaka 1973 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kupuliza asbesto kwa ajili ya kukinga moto na joto, na mwaka 1978 ikaongeza upulizaji wa mapambo. Lakini mifuko iliyokwisha kutengenezwa iliendelea kutumika, hivyo nyumba ya mwaka 1982 haijitetei kwa tarehe yake. Kisha kuna vermikulaiti yenyewe. Sehemu kubwa ya ile iliyouzwa Marekani ilichimbwa Libby, jimbo la Montana, katika mgodi uliofungwa mwaka 1990, na mwamba wa huko ulikuwa umechanganyika na asbesto ya asili. Aliyepuliza dari ya namna hiyo huenda hakutia asbesto hata kijiko, nayo ikawamo.

Walioko Leicester au London wana shida hiyohiyo kwa sura nyingine. Dari za Uingereza zilipakwa kwa mkono na kuchorwa mawimbi, feni na vitone kwa brashi na kitana, na watu huziita zote Artex, ingawa hilo ni jina la kampuni moja tu. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, lakini ile nyeupe, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitiwa kwenye dari, ilisubiri hadi mwaka 1999. Kwa hiyo huko dari yoyote ya michoro iliyopakwa kabla ya mwaka 2000 ishuku mpaka maabara iseme. Kanada ilifunga mlango rasmi mwishoni mwa mwaka 2018, ingawa kwenye dari za nyumba ilikuwa imeshaachwa miaka mingi kabla.

Nyuzi za asbesto ni nyembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho, huelea hewani kwa saa nyingi, na zikishaingia ndani kabisa ya mapafu mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Huleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na mesothelioma, saratani ya utando unaoyafunika mapafu na matumbo. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake wa Afrika Kusini waliandika kuhusu wagonjwa wa mesothelioma kutoka eneo la migodi ya Northern Cape. Kilichowashtua watu ni kwamba baadhi ya wagonjwa hao hawakuwahi kuchimba chochote. Walikuwa tu wameishi karibu na migodi. Ugonjwa huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Anayevuta sigara akiwa pia amevuta asbesto huzidisha hatari ya saratani ya mapafu mara nyingi, kwa hiyo mvutaji asiwe ndiye anayepandishwa ngazi.

Hapa niseme wazi, maana hofu nayo huharibu kazi. Hatari hupanda kwa wingi wa vumbi na urefu wa muda. Dari nzima, isiyobanduka, isiyoguswa, haiwamwagii wanao sumu wakiwa usingizini. Na aliyetoboa tundu moja la kutundikia ua mwaka juzi asikae akihesabu siku zake. Tatizo ni kukwangua kukavu, msasa, msumeno, na ufagio wa baadaye unaoinua tena kile kilichokwisha tua.

Basi kipimo. Hakuna fundi, awe na uzoefu wa miaka mingapi, anayeweza kutazama dari na kukuambia ina asbesto au haina. Anayesema anaweza, mshukuru na umsindikize mlangoni. Jibu linatoka kwa darubini ya maabara iliyoidhinishwa. Marekani tafuta yenye ithibati ya NVLAP, Uingereza ya UKAS. Njia bora ni kumwita mkaguzi mwenye leseni aje achukue sampuli mwenyewe, na baadhi ya majimbo yana masharti yake juu ya nani anaruhusiwa kuchukua, kwa hiyo piga simu idara ya afya au ya mazingira ya jimbo lako kwanza.

Ukiruhusiwa kuchukua mwenyewe, fanya hivi. Zima kipasha joto na kiyoyozi ili hewa isizunguke nyumbani. Watoto na wazee watoke chumbani. Tandika plastiki sakafuni chini ya mahali utakapofanya kazi. Vaa barakoa ya mpira inayokaza usoni, yenye vichujio vya P100, vile vya rangi ya zambarau. Uingereza kiwango ni FFP3. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii nyuzi hizi, na hata N95 haikuidhinishwa kwa asbesto. Jaza maji kwenye chupa ya kupulizia, utie matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, kisha lowesha sehemu ndogo isiyozidi kiganja. Sabuni ndiyo inayofanya maji yazame badala ya kutiririka juujuu. Ngoja kidogo, lowesha tena, halafu kwa kisu bapa bandua kiasi cha kijiko cha chai mpaka ufike kwenye bodi, moja kwa moja hadi kwenye mfuko wa plastiki wenye mdomo wa kubana. Mfuko huo uingie katika mfuko wa pili, uandike chumba na tarehe. Futa kisu kwa kitambaa kibichi, kitambaa nacho ukitie katika mfuko wa plastiki na kukitupa kama maabara watakavyokuelekeza. Pale palipobanduliwa papake rangi kidogo ili pazibwe.

Kufika kwenye bodi ni lazima, kwa sababu hata ile dawa ya kuzibia viungo iliyokuwa chini ya chembechembe ilikuwa ikitiwa asbesto mpaka ilipokatazwa Marekani mwaka 1977. Maabara makini hupima kila tabaka peke yake. Sampuli moja pia haitoshi. Sheria ya shule ya Marekani ya mwaka 1986 inataka sampuli tatu kwa eneo la dari ya aina moja lisilozidi futi 1,000 za mraba, tano mpaka futi 5,000, na saba kwa zaidi ya hapo. Haikulazimishi wewe mwenye nyumba, lakini ni kipimo kizuri cha akili: mapipa mawili ya mchanganyiko yaliyotengenezwa siku moja na fundi mmoja hayakuwa lazima yafanane. Chumba kilichoongezwa baadaye kipime peke yake. Sampuli moja kati ya tatu ikikutwa na asbesto, dari yote ya aina hiyo ihesabu kuwa nayo.

Jibu likirudi, soma tarakimu. Sheria ya serikali kuu ya Marekani huita kitu chenye asbesto kile kilichozidi asilimia 1. Chini ya hapo si sawa na hakuna. California, kwa mfano, imeweka mpaka wake kwenye asilimia 0.1 kwa kazi za ujenzi. Ukiona maneno yanayomaanisha chembe kidogo tu, usishangilie. Uliza maabara kama wanaweza kurudia kwa njia ya kuhesabu iliyo makini zaidi.

Tuseme asbesto imepatikana. Njia zako ni nne, na ya kwanza ni kuiacha. Kama dari haibanduki na huna mpango wa kuweka taa mpya, iache, na hela yake ipeleke kwenye paa. Sijui kwa nini ushauri huu huonekana wa kizembe.

Njia ya pili ni kuipaka rangi, na hapo kosa la kawaida ni rola. Rangi ya maji hulainisha gundi ya zamani, rola ikipita inaondoka na chembe zake, na ndani ya dakika tano una dari yenye upara na sakafu yenye uji. Rangi ipulizwe kwa mashine, tabaka la kwanza jembamba likauke, ndipo la pili. Ujue pia kwamba rangi hiyo itaifanya dari ikatae maji milele. Yeyote atakayetaka kuikwangua siku za mbele utakuwa umempalia makaa.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipendelea kwa familia isiyo na maelfu ya dola ya kuchezea, ni kuifunika. Bodi mpya za jipsamu, au mbao nyembamba za kuchomekana, hufungwa chini ya dari ya zamani, na dari ya zamani inabaki imefungiwa humo. Skrubu zishike boriti, si bodi ya zamani. Bodi ya zamani haibebi kitu. Boriti kwa kawaida zimepangwa kila inchi 16 au 24, na kifaa cha sumaku cha kutafutia misumari kitakuonyesha zilipo bila kuharibu chochote. Bodi ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa nusu inchi ina uzito wa karibu kilo 23 ikiwa ya kawaida, pungufu kidogo ikiwa ile nyepesi, kwa hiyo zidisha kwa idadi ya bodi kabla ya kuamini kwamba boriti za mwaka 1960 hazitalalamika. Ukiwa na shaka, mwite mtu wa ujenzi azitazame. Kodisha winchi ya kuinulia bodi. Shingo na mabega ya binamu zako vitakushukuru. Lakini kufunika nako kunatoboa asbesto, kila skrubu na tundu lake, na kuzunguka taa kutakatwa zaidi. Kwa hiyo barakoa, plastiki na chupa ya maji haviepukiki, na pale ambapo sheria ya jimbo inataka fundi mwenye mafunzo, mwite huyo.

Ya nne ni kuiondoa. Dari iliyolowa na kulegea, inayodondosha unga kwenye shuka, au nyumba inayokwenda kufumuliwa nyaya zote, haina njia nyingine. Kwa asbesto sikushauri ujaribu mwenyewe, hata pale sheria inapokuruhusu. Kampuni yenye leseni hufunga chumba kwa plastiki, huweka mashine inayovuta hewa kupitia kichujio cha HEPA ili hewa iingie chumbani na isitoke, hulowesha kila kitu, na wafanyakazi wake huvulia nguo za kazi mlangoni. Gharama hufika maelfu ya dola, na hapo ndipo watu hujaribiwa na yule jamaa mwenye lori na bei ya nusu. Kabla hujasaini, taka mambo matatu kwa maandishi: namba ya leseni ya jimbo, hati ya mahali taka zitakapotupwa, na kipimo cha hewa baada ya kazi kitakachofanywa na mtu mwingine. Huyo mtu mwingine mtafute wewe. Anayelipwa kwa kuondoa asbesto asiwe ndiye anayekuambia kama ipo, wala asiwe ndiye anayekuambia kama imekwisha.

Sasa tuje kwenye habari njema, jibu la hapana. Dari haina asbesto na unataka kuikwangua. Kama nyumba ni ya kabla ya mwaka 1978 na dari imewahi kupakwa rangi, bado pima risasi, maana ndio mwaka rangi ya risasi ilipokatazwa majumbani Marekani, na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto mdogo. Ukishatoka hapo, kazi iliyobaki ni ya jasho.

Toa kila kitu chumbani. Si kusogeza katikati na kufunika shuka, toa. Sakafu itandikwe plastiki nene, ile Wamarekani wanayoiita ya mil 6, ipande ukutani kama inchi sita na kubandikwa kwa tepu. Ukutani plastiki nyembamba inatosha. Zima umeme wa chumba kwenye swichi kuu, kisha shusha feni na taa. Usidhani swichi ya ukutani inatosha, kwani maji yatapita mpaka kwenye kisanduku cha nyaya. Kisanduku kizibe. King'ora cha moshi kifunike au ukishushe, na uandike mahali utakapoona kwamba hakipo, kwa sababu usiku ule utakapolala hoi ndipo utakapokihitaji.

Jaribu kwanza pembeni, ndani ya kabati la nguo, mahali ambapo kosa halitaonekana. Lowesha kwa bomba la kupulizia dawa za shambani, lililo jipya na safi, futi 4 kwa 4 hivi kwa wakati. Subiri robo saa. Hapo dari itakuambia yenyewe. Isiyowahi kupakwa rangi hunywa maji, hugeuka kijivu kidogo, na ukiitia bapa huteleza kwa mkanda mzima unaoanguka kwa uzito. Iliyopakwa rangi hukaa na matone juu yake yaking'aa, na ukikwangua kunasikika mlio mkavu. Hiyo kwangua kidogo tu vichwa vya chembe ili maji yapate njia, au acha ubishi urudi kwenye kufunika. Ukizidisha maji, karatasi ya bodi ya jipsamu inalainika na bapa linaichana, na bodi yenyewe inaweza kushuka tumbo. Bapa liwe pana, inchi 10 au 12, na pembe zake mbili zipige tupa zipate mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo inayochora mifereji. Shika bapa likiwa limelala. Ukijikuta unasukuma kwa nguvu, tatizo ni maji, siyo mkono.

Miwani ya kufunika macho itapata ukungu na utatamani kuivua. Usivue. Ngazi isogezwe, mtu asijinyooshe; sakafu ya plastiki yenye uji ni utelezi mtupu, na wanaovunjika mikono kwenye kazi hii hawavunjiki kwa asbesto. Jukwaa dogo la kukodi ni bora kuliko ngazi. Jambo jingine ambalo vitabu vya wenyeji hulipitia juujuu ni ndevu. Barakoa ya kukaza haikazi juu ya ndevu, hata ziwe fupi, na wengi wetu hatuko tayari kuzinyoa kwa ajili ya dari. Ipo barakoa ya kofia yenye feni inayopuliza hewa iliyochujwa, ambayo haitegemei ngozi ya kidevu. Ni ghali, lakini inakodishwa. Asiyeipata amwachie kazi asiye na ndevu.

Ukimaliza kukwangua ndipo utakapokutana na kile kilichofichwa. Viungo vimepinda, utepe umeachia, vichwa vya misumari vinachungulia, na pengine boriti moja imeshuka kuliko wenzake. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, kwa kuwa waliambiwa kazi ni ya siku moja. Kukwangua huenda ndiyo siku moja. Kunyoosha ni siku kadhaa. Acha dari ikauke kabisa. Misumari iliyolegea weka skrubu pembeni yake. Utepe ulioachia ondoa, weka mpya. Kisha piga skimu dari nzima, tabaka jembamba mara mbili au tatu, msasa mwepesi kati ya tabaka na tabaka ukiwa na mashine inayofyonza vumbi papo hapo. Rudisha ile tochi ya kwanza, ipitishe ubavuni, na uweke alama ya penseli kila panapotupa kivuli. Praima ije kabla ya rangi, na rangi iwe isiyong'aa hata kidogo. Rangi ya kung'aa kwenye dari ni shahidi wa upande wa pili: kila ulichokificha itakisema mchana saa saba, jua likiingia dirishani.

Kama kunyoosha kumekuzidi, siyo aibu kuomba fundi apige skimu tu baada ya wewe kukwangua. Hapo ndipo hela ya fundi inapoonekana.

Wapangaji nao waniazime sikio. Dari ya nyumba ya kupanga usiiguse, hata ikiwa mbaya namna gani. Ikianza kudondoka, piga picha zenye tarehe, mwandikie mwenye nyumba barua au barua pepe, na usitegemee kwamba ulimwambia kwa mdomo. Kwa waliomo kwenye majengo makubwa, mambo ni tofauti na nyumba ya mtu mmoja: kanuni za serikali kuu ya Marekani kuhusu kubomoa na kukarabati hazihusu jengo lenye makazi manne au pungufu, lakini kuanzia makazi matano zinahusika, na chama cha wamiliki nacho kina sauti yake. Ukikwangua chumbani kwako huenda unavunja sheria kwa niaba ya jirani zako wote.

Na kuna wale ambao hawana dari ya kukwangua ila wameajiriwa kukwangua za wengine. Vijana wetu wengi huanzia kwenye vibarua vya ubomoaji, na bosi huwaambia waingie na bapa bila kipimo chochote. Sheria ya kazi ya Marekani inamtaka mwajiri akuambie kama asbesto ipo, akufunze, na akupe vifaa bila kukukata mshahara. Kiwango cha juu cha nyuzi hewani ni 0.1 kwa sentimita moja ya ujazo kwa wastani wa saa nane. Unaweza kulalamika OSHA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama kazini, kwa siri, kwa Kiswahili pia kupitia mkalimani, na haki hiyo haitegemei karatasi zako za uhamiaji. Nguo za kazi hiyo zisiingie nyumbani. Tangu miaka ya 1960 imeandikwa juu ya wake waliopata mesothelioma kwa kufua nguo za waume zao, wakizikung'uta kwanza nje ya mlango kama mama yeyote angefanya.

Nyumbani Afrika Mashariki dari ya bisi ni adimu, lakini usije ukadhani mambo haya hayakuhusu ukirithi nyumba ya zamani. Bodi ngumu za kijivu za saruji na asbesto zilitumika kwenye dari na mapaa ya nyumba za serikali, za reli na za shule. Hizo nyuzi zake zimebanwa na saruji, kwa hiyo zikikaa bila kuvunjika hazina ukorofi mkubwa. Ukorofi wake ni msumeno, keekee, na fundi anayezishusha kwa kuzitupa chini. Zilowesheni, zifunguliwe skrubu zishuke nzima, na wala vipande vyake visigeuzwe kuwa banda la kuku. Kwa Kenya taasisi ya kuuliza ni NEMA, kwa Tanzania ni NEMC. Rwanda imeendesha mpango wa taifa zima wa kuyaondoa mapaa hayo.

Lililobaki ni makaratasi. Ripoti ya maabara, risiti za kampuni, hati ya kutupa taka na kipimo cha hewa viweke pamoja na hati za nyumba. Ukija kuuza, mnunuzi ataviuliza, na kuficha asbesto unayoijua kunaweza kukufikisha mahakamani. Kama uliamua kufunika, andika kwa kalamu isiyofutika, ndani ya mlango wa kisanduku cha umeme: dari ya sebuleni na vyumba viwili ina asbesto chini ya bodi mpya, imefunikwa mwaka fulani, usitoboe bila kulowesha. Uandike kwa Kiingereza, maana fundi umeme atakayekuja baada yako huenda asijue neno la Kiswahili.